Fahali Wawili Zizi Moja: Safari ya Neno Kondominiamu

Mtu apitaye siku hizi katika barabara kuu za miji yetu ya Afrika Mashariki hakosi kukutana na ubao mrefu wa matangazo, uliochorwa jengo la ghorofa kumi na ushei, bwawa la kuogelea mbele yake, na chini yake neno condominium kwa herufi kubwa. Wengi hulisoma na kupita. Hulidhania kuwa ni jina la kifahari, lililobuniwa na madalali ili kumjulisha mwenye mshahara mdogo kwamba mahali hapo si pake. La hasha. Neno hili halikuzaliwa na madalali, wala waashi. Kwa miaka zaidi ya mia mbili lilikaa midomoni mwa wafalme, mabalozi na mawakili, na kazi yake ilikuwa ni kueleza jambo moja gumu: nchi moja yenye mabwana wawili.

Basi tulifuate, ndugu msomaji, kutoka mji hata mji. Nasi tuliandike kwa matamshi yetu wenyewe, kondominiamu.

Mizizi yake ni ya Kilatini. Katika lugha hiyo domus ni nyumba, na dominus ni bwana mwenye nyumba. Kutokana na bwana huyo wakapata dominium, yaani haki yake ya kumiliki. Ukitanguliza con, yenye maana ya pamoja, unapata ubwana wa watu zaidi ya mmoja juu ya kitu kimoja. Au kwa Kiswahili cha sokoni, ubia. Walakini Warumi wa kale hawakulitumia neno hilo. Liliungwa na wanasheria wa nchi za Kijerumani mnamo mwaka 1700, zama ambazo nchi hizo zilikuwa zimekatwakatwa baina ya watawala wadogo wadogo, hata mji mmoja ukaweza kuwa na watoza kodi wa wakubwa wawili. Mwanzoni mwa karne ya 18 likaingia katika Kiingereza, nalo likabaki huko kama chombo cha mabalozi.

Mfano wa zamani ulio hai hadi leo uko mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Katikati ya mto Bidasoa, baina ya mji wa Irun na mji wa Hendaye, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Isla de los Faisanes. Hapo ndipo mawaziri wa wafalme wa nchi hizo mbili walipotia saini mkataba wa amani mwaka 1659, baada ya vita vya miaka mingi. Kisiwa hicho sasa ni cha Hispania tangu tarehe 1 Februari hadi tarehe 31 Julai, na kuanzia tarehe 1 Agosti hadi mwisho wa Januari ni cha Ufaransa. Kina urefu wa mita zipatazo mia mbili tu, miti kadhaa, na mnara wa kumbukumbu. Makabidhiano hufanyika kwa adabu zote na hayajaleta ugomvi wa maana. Siri yake ni nyepesi: hakuna mtu aishiye pale.

Mambo huwa mengine kabisa pale ambapo watu wapo. Twende Khartoum.

Mji huo umekaa mahali ambapo Mto Nili wa Buluu unakutana na Mto Nili Mweupe, na ng'ambo yake uko mji wa Omdurman. Tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Waingereza na Wamisri, chini ya Kitchener, liliwashinda wafuasi wa Khalifa katika uwanda wa Karari, nje ya Omdurman. Maelfu ya Wasudani waliuawa siku moja kwa bunduki za mzinga ambazo wao hawakuwa nazo. Baada ya vita likazuka swali la mawakili: nchi hii ni ya nani? Misri ilidai kwamba ilikuwa yake tangu zamani. Waingereza walikuwa na silaha, na tena walikuwa wameikalia Misri yenyewe. Jibu likapatikana Cairo tarehe 19 Januari 1899, katika mkataba uliotiwa saini na Lord Cromer kwa upande wa Uingereza na Boutros Ghali kwa upande wa Misri. Sudan ikawa kondominiamu. Wasudani wenyewe waliupa utawala huo jina la Kiarabu lenye maana ya utawala wa wawili.

Mkataba uliagiza bendera mbili zipepee pamoja, nchi kavu na majini. Kwa hiyo juu ya kasri la gavana mkuu, lililojengwa upya kando ya Nili ya Buluu mahali pale pale Gordon alipouawa mwaka 1885, zikapandishwa bendera ya Uingereza na bendera ya Misri ubavu kwa ubavu. Mtu aliyeziona kutoka mtoni angedhani kwamba ndani ya kasri mna viti viwili vilivyo sawa. Mambo hayakuwa hivyo. Gavana mkuu aliteuliwa na mtawala wa Misri, lakini kwa pendekezo la serikali ya Uingereza, na kila aliyeteuliwa alikuwa Mwingereza. Vyeo vya juu vilikuwa vya Waingereza. Wamisri na Wasudani walishika kazi za chini yao. Ila ilipofika kulipa, katika miaka ya mwanzo hazina ya Misri ndiyo iliyoziba pengo la matumizi ya Sudan. Hapa wahenga wetu wangetikisa vichwa. Walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na kwa kweli pale zizini palikuwa na fahali mmoja, na mwingine alikuwa akilipia majani.

Ubia wa namna hiyo huzaa chuki. Boutros Ghali alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Misri, akauawa kwa risasi Cairo mwaka 1910 na kijana mzalendo, na saini yake ya 1899 ilikuwa mojawapo ya makosa aliyohesabiwa. (Mjukuu wake, Boutros Boutros-Ghali, ndiye aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1992.) Mwezi Novemba 1924 ilikuwa zamu ya Sir Lee Stack, gavana mkuu wa Sudan, aliyepigwa risasi akiwa katika mji huo huo wa Cairo. Waingereza wakaitumia nafasi hiyo kulifukuza jeshi la Misri kutoka Sudan. Bendera ya Misri ikaachwa ikipepea juu ya kasri kama jina la mpangaji aliyekwisha kuhama ambalo halijafutwa mlangoni.

Tarehe 1 Januari 1956 bendera zote mbili ziliteremshwa katika kasri lile, na Ismail al-Azhari pamoja na kiongozi wa upinzani, Muhammad Ahmad Mahgoub, wakapandisha bendera moja ya Sudan huru. Laiti habari ya nyumba hiyo ingaliishia hapo! Vita vilivyozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 baina ya majeshi mawili ya Wasudani wenyewe vililifikia kasri. Na jeshi la taifa lilipoliteka tena mwezi Machi 2025, picha zilizotangazwa ulimwenguni zilionyesha kuta zenye masizi na madirisha yasiyo na vioo.

Kama Khartoum ni kisa cha kuhuzunisha, kisa cha visiwa vya New Hebrides katika bahari ya Pasifiki kinachekesha kwanza, kisha kinahuzunisha. Visiwa hivyo, ambavyo leo ni Jamhuri ya Vanuatu, vilikuwa na walowezi wa Kiingereza na wa Kifaransa waliogombania ardhi ya minazi. Mwaka 1906 serikali zao zikaafikiana kuvitawala kwa ubia. Hawakuunda serikali moja ya watu wawili. Waliunda serikali mbili kamili na kuziweka pamoja katika mji mmoja mdogo wa Port Vila, kisha wakaongeza ya tatu ya kuziunganisha.

Fikiri, ndugu msomaji: polisi wa aina mbili wenye sare mbili, magereza mawili, hospitali za namna mbili, shule za Kiingereza na shule za Kifaransa, fedha za aina mbili, na stempu za posta zilizochapwa kwa lugha mbili. Mgeni akitua alipaswa kuchagua atahukumiwa kwa sheria ya nani, ya Kiingereza au ya Kifaransa. Na kwa kuwa mabwana hawa wawili hawakuaminiana, waliweka mahakama ya pamoja yenye jaji Mwingereza, jaji Mfaransa, na rais wa mahakama aliyeteuliwa na mfalme wa Hispania, ambaye hakuwa na shamba wala jirani katika visiwa hivyo. Hata wazungu waliokaa huko waliligeuza neno kondominiamu kwa mzaha, wakaliita pandemoniamu, yaani fujo tupu ya mashetani.

Lakini sikiliza upande wa pili. Mwingereza alikuwa na sheria yake, Mfaransa alikuwa na yake, na mgeni alikuwa na hiari ya kuchagua. Mwenyeji aliyezaliwa pale, ambaye babu zake walilima viazi vikuu katika ardhi ile kabla ya jahazi la kwanza la Ulaya kuonekana, hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Hakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa. Akitaka kusafiri nje, alipewa karatasi iliyotiwa saini na wakuu wote wawili, kana kwamba yeye ni mzigo wa ubia. Hali hiyo iliendelea, amini usiamini, hadi tarehe 30 Julai 1980, siku ya uhuru, Walter Lini akiwa Waziri Mkuu wa kwanza. Katiba ya Vanuatu ikatamka kwamba ardhi yote ni ya wenyeji wenye haki nayo kwa mila, na ya vizazi vyao. Kwa sentensi moja madai ya miaka sabini na minne yakafutwa.

Hapo msomaji aliyepanga chumba Manzese au Kariobangi atauliza, na ana haki ya kuuliza: neno hili la mabalozi lilipandaje ngazi hadi ghorofa ya tano?

Jibu limo katika tatizo la kale la sheria. Warumi walikuwa na majumba marefu ya kupangisha, na magofu yake yangaliko Ostia, karibu na Roma. Matajiri walikaa chini, na maskini walipanda juu, kwenye joto na hatari ya moto, maana lifti haikuwapo. Ila hakuna aliyeweza kununua ghorofa peke yake. Sheria ilishika kwamba kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi. Mwenye kiwanja ndiye mwenye jengo, kuanzia msingi hadi paa.

Watu wa Mwambao wangeshangaa kusikia hivyo. Kwetu mtu huweza kumiliki minazi katika shamba la mwingine, na huweza kumiliki nyumba iliyosimama juu ya kiwanja kisicho chake. Katika Mombasa desturi ya nyumba bila ardhi ni ya siku nyingi, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Vivyo hivyo ilikuwa Ng'ambo ya Zanzibar, ambako mwaka 1928 wenye vibanda walikataa kulipa kodi hiyo, na mgomo wao ukawatikisa wenye ardhi na serikali pia. Mswahili, basi, hakuhitaji kufundishwa kwamba nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine.

Ulaya ilikwenda polepole. Katika miji kama Rennes na Grenoble ya Ufaransa watu walikuwa wakigawana nyumba kwa ghorofa, na sheria ya Ufaransa ya 1804 iliweka kifungu kuhusu nani atatengeneza paa na nani atatengeneza ngazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nyumba zilipokuwa haba, Ubelgiji ilitunga sheria kamili mwaka 1924. Wazo likavuka bahari hadi Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1958 kisiwa cha Puerto Rico, chenye lugha ya Kihispania lakini kilicho chini ya Marekani, kilitunga sheria yake ya umiliki wa ghorofa. Mwaka 1960 jimbo la Utah likafuata. Na mwaka 1961 serikali ya Marekani ikakubali kudhamini mikopo ya kununulia nyumba za namna hiyo. Hapo ndipo neno la mabalozi likashuka mitaani. Waingereza, ambao lugha ni yao, hawalitumii kwa ghorofa zao. Walipotunga sheria ya aina hiyo mwaka 2002 walitafuta neno jingine.

Sasa maana yake ikawa hivi. Mnunuzi anakuwa bwana peke yake wa vile vyumba vilivyo nyuma ya mlango wake. Vingine vyote, ngazi, ujia, lifti, paa, msingi, tangi la maji, mabomba ya majitaka na kiwanja chenyewe, ni vya wote, kila mmoja akiwa na fungu lisiloweza kukatwa wala kuuzwa mbali na vyumba vyake. Bendera mbili za Khartoum zimekuwa milango sitini ya jengo moja, na swali ni lile lile la kule zizini: nani anaamua, na nani analipa?

Swali hilo si la porojo. Mjini Surfside, karibu na Miami, lilikuwapo jengo la ghorofa kumi na mbili ufukweni mwa bahari, lililojengwa mwaka 1981, lenye nyumba 136. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege la chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea limeharibika vibaya kwa sababu maji hayakuwa na pa kutokea. Ilibidi wenye nyumba wachangishane. Wakajadili, wakabishana, wajumbe wa kamati wakajiuzulu, miaka ikapita. Mwezi Aprili 2021 wakakubali hatimaye mchango wa dola milioni 15. Kila mwenye nyumba alitakiwa kutoa si chini ya dola 80,000, na wengine zaidi ya 300,000. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, kabla kazi ile kubwa haijafanyika, sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Kila mmoja wao aliyekuwa na hati alimiliki mlango wake kwa ukamilifu. Zege lile la chini lilikuwa la wote.

Hapa Afrika mji uliolitia neno hili katika midomo ya watu wa kawaida ni Addis Ababa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Ethiopia ilijenga maghorofa kwa maelfu, ikawagawia wananchi waliojiandikisha kwa bahati nasibu, na fungu la asilimia 30 likatengwa kwa ajili ya wanawake. Mwuza mboga wa Addis husema kondominiamu kama sisi tusemavyo kota. Lililonivutia zaidi katika mpango huo ni jengo dogo la pamoja lililowekwa katikati ya maghorofa, kwa ajili ya kufua, kupika injera na kuchinja kondoo siku za sikukuu. Mchoraji wa ramani alikumbuka kwamba mtu huhama na sikukuu zake. Sehemu nyingine majengo hayo yalitumika kidogo kuliko yalivyotarajiwa. Pengine kwa sababu kupanda ghorofa nne na ndoo ya nyama si mchezo.

Na kwetu je? Zanzibar ina sheria ya mwaka 2010 inayolibeba neno hili hili la Kilatini. Kenya ilikuwa na sheria ya 1987, ikaifuta na kuweka mpya mwaka 2020. Tanzania Bara ilitunga yake mwaka 2008, ambayo haikulichukua neno la mabalozi, bali husema tu juu ya hati ya sehemu ya jengo. Hapo pana jambo ambalo tangazo la barabarani halisemi. Umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Atolewalo mtu ni haki ya kuikalia kwa muda, usiozidi miaka 99. Kwa hiyo anunuaye ghorofa ya tano Upanga ni bwana wa vyumba vyake, mbia wa ngazi na paa, na juu ya ardhi ni mwenye ruhusa tu.

Ndiyo maana jirani anayekusudia kutoa akiba yake ya miaka ishirini kwa nyumba ya namna hiyo asitosheke na kuonyeshwa vigae vya jikoni. Aombe kuona daftari la chama cha wenye nyumba wa jengo lile. Humo ataona mchango wa kila mwezi ni shilingi ngapi, wangapi hawajalipa, na mara ya mwisho mkutano ulipofanyika. Aulize pampu ya maji ilinunuliwa lini na umeme wa taa za ngazi unanunuliwa na nani. Aliyelelewa katika nyumba ya vyumba sita vya kupanga, yenye ujia mmoja, uani mmoja na choo kimoja, na zamu ya kufagia iliyobandikwa ukutani, anayajua maswali haya tangu utotoni. Kule alikuwapo mwenye nyumba wa kupelekewa malalamiko. Katika kondominiamu malalamiko hupelekwa kwa mlango wa pili, na wa tatu, na yeye mwenyewe mlango wake umo katika hesabu.